Mshumaa Mnene wa Mama

Miaka ile mafuta ya taa yalipoadimika, mama alikuwa kitandani nyumbani kwetu Bunda, upande mmoja wa mwili umepooza. Giza lilimtisha. Mimi ndiye niliyebaki kumuuguza. Mchana nilikuwa kwenye pamba, jioni narudi kumgeuza, kumwogesha, kumlisha. Kuna siku nilisinzia kijiko kikiwa mkononi, uji ukamwagikia shuka.

Mzee wa kanisa alituletea debe la mabaki ya mishumaa.

"Tengeneza mnene," aliniambia. "Myembamba inaangukaga, na nyumba yenu ni ya nyasi."

Sikuwahi kutengeneza hata mmoja. Nilikata kipande cha bomba la plastiki, nikaziba chini kwa udongo, nikasimamisha katikati utambi niliousokota kwa pamba yetu. Nta niliiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, kisha nikaimimina yote kwa mkupuo. Ilipoganda haikutoka. Niligonga, nikavuta, mwisho nikalipasua bomba kwa panga. Mshumaa ulikuwa na matundu kila upande, na juu umedidimia.

Mama aliutazama sana.

"Huu umeugua ndui," akasema kwa ule mdomo wake uliopinda.

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Akaningoja ninyamaze.

"Lete hiyo pamba. Mkono mmoja bado unafanyaga kazi."

Alibana ncha kwa meno, akasokota polepole. Utambi wake ulikaza kuliko wangu.

Wa pili niliumimina kwenye kipande kingine cha bomba, nikautumbukiza kwenye maji baridi ili ugande upesi, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kusubiri. Ukapasuka. Nikauyeyusha tena. Safari hii nilipaka mafuta ya kula ndani ya bomba, nikalianika juani lipate joto, nikaliinamisha na kumimina kidogo kidogo. Nta ilipoanza kushika, nikachoma pembeni mwa utambi kwa spoku ya baiskeli hewa itoke, na pale ilipodidimia nikaongeza nyingine. Halafu nikajilaza mkekani nipumzike kidogo, usingizi ukanichukua. Sikuugusa mpaka kesho yake.

Asubuhi nilisukuma kwa kidole gumba tu. Ukateleza, ukatoka mzima, laini kama goti la mtoto.

Mama aliuomba. Akaupitisha kwenye shavu lake lile lililokuwa bado na hisia.

"Usiuwashe leo," akasema.

"Mama! Nimehangaika hivi, halafu ulale gizani?"

"Leo sitaogopa. Acha nikae nao."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Alilala ameukumbatia, na usiku ule hakuniita hata mara moja. Tuliuwasha jioni iliyofuata, ukasimama wenyewe juu ya kigoda.

Nilimtengenezea mingine mingi. Mwingine ulitoka vizuri, mwingine ovyo, na uchovu haukupungua kwa sababu hiyo. Ilipofika enzi ya ruksa, maduka yakajaa tena, na mama akafariki. Dada yangu alikuja msibani kutoka Mwisenge na katoni ya mishumaa ya dukani, yote myeupe, yote imenyooka. Majirani wakaniuliza kama nitaendelea na kazi yangu ya mishumaa. Dada akanishika bega.

"Nenda ndani ukalale. Watu nitawaangalia mimi."

Nikaenda.