Nilibonyeza Ndiyo Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, aibu nyingine mtu huzipeleka kaburini, ila hii nawasimulia mwenyewe kwa sababu hapa Karatu mshaisikia kwa madereva, na madereva wanaongeza chumvi.

Mnajua ninatunza kompyuta kwenye kampuni ya utalii ya Mama Zuhura. Ile kompyuta kubwa, seva, ndiyo inayohifadhi vibali vyote vya kuingia Ngorongoro, dereva akifika getini anavifungua kwenye simu yake anapita. Mama Zuhura ana sheria moja tu: seva haiguswi mpaka magari yarudi. Sheria moja! Hata hiyo ikanishinda.

Asubuhi hiyo akaja Mzee Boay kutoka Mbulumbulu, mwalimu mstaafu, babake Paskalina wangu. Barua ya posa nilishapeleka, jibu bado, na mzee kasema hamtoi binti kabla hajaona kwa macho yake hiyo kazi ninayofanya ni kazi gani. Nikamwamkia, nikampa kiti, akavaa miwani. Sasa nimwonyeshe nini, jamani, nimwonyeshe nikinywa chai? Nikafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri (inatisha wageni, ndiyo raha yake), nikasema, "Baba, ngoja nifute programu moja ya zamani, inajaza nafasi bure."

Nikaandika amri vidole vikiruka. Ikashuka orodha ndefu ya programu nyingine zinazoitegemea hiyo moja, kwamba zote zitaondoka nayo, na chini kabisa swali: niendelee? Mzee akasogea. "Haya majina mengi ni ya nini?"

"Ah, baba, hayo huwa yanajiandika tu." Nikabonyeza ndiyo.

Dakika tano hazikupita, simu ya ofisi ikalia. Mama Zuhura akaipokea kwa spika, ofisi nzima ikasikia, ni dereva wetu Qamara: "Mama, niko getini, vibali havifunguki! Magari yetu sita yamesimama, wageni wananiuliza simba wamefunga ofisi?"

Weee! Kuangalia, ule mfumo wote wa vibali haupo, nimeufuta kwa mkono wangu. Nikaanza kuurudisha, na mtandao ukaamua leo ndiyo siku ya kutambaa, nikawa napangusa jasho kwa tai (ndiyo, nilivaa tai, nilivaa kwa ajili ya mzee). Mama Zuhura akaja kusimama nyuma yangu. "Umegusa?"

Mzee akajibu kwa upole wa darasani, "Iliuliza, mama. Mimi niliona. Iliuliza kabisa."

"Samahani mzee, huyu ni mwanao?"

Mzee akanitazama, akatazama skrini, akanitazama tena. "Hapana, mama. Si wangu. Bado."

Hiyo "bado" niliishikilia saa mbili nzima, mpaka magari yakapita geti. Kazi sikufukuzwa, ila matusi niliyopewa yalinitosha mwaka.

Wiki iliyofuata tukaitwa Mbulumbulu kupokea jibu. Wakatoa orodha ya mahari, mshenga wangu akadakia, "Tumekubali yote!" Mzee Boay akainua mkono. "Asome mwenyewe. Kwa sauti. Mpaka mwisho."

Nikasimama mbele ya ukoo mzima kama mtoto wa darasa la pili. Blanketi la mama, shuka la bibi, mbuzi, jembe, nikaenda hivyo hivyo hadi mstari wa mwisho, mwandiko wa mzee mwenyewe: "Mkwe hatagusa simu ya mama mkwe, hata ikizima."

Watu walicheka mpaka bibi akakohoa. Mzee hakucheka. Akavua miwani akauliza, "Niendelee?"

Nikaurudia ule mstari mara mbili, wallahi, ndipo nikasema ndiyo.