Mulango wa shofere

Ninyi vijana mutakaosoma hii, musinionee huruma, na musinisifie zamani. Ninaandika juu ya kupanda gari na kushuka, basi. Ninawaona kwenye parking namna munafanya watu wenye miguu iliyokufa. Munawasukuma ndani kama mufuko wa muhogo, munafunga mulango, munaendelea na maneno yenu. Mulijiuliza hata siku moja huyo mutu atatoka namna gani?

Nilikuwa na yaya, dada yangu mukubwa wa tumbo moja. Homa ya utoto ilikausha miguu yake, lakini mikono yake ilikuwa na nguvu kupita ya wanaume wengi. Alikuwa anasuka mikeka kule Luvungi, nyumbani kwa wazazi. Papa yetu alipokufa, bado ni wakati wa Wabeleji, nilishuka kumuchukua aje kukaa kwangu Bukavu, kule Kadutu. Nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo lilishaonekana.

Wakati wa kushuka niliiangalia vizuri ile barabara. Kutoka bondeni kuja Bukavu kuna mupando mukali: upande mumoja mulima, upande wa pili hakuna kitu, unaona tu vichwa vya miti kule chini. Basi ya watu haikukuwa. Ilikuwa kamyo ya bidhaa, na sisi tunakaa juu ya mifuko. Ikifika kwenye mupando, sheria ilikuwa moja: watu wote wanashuka, wanapanda kwa miguu, ili kamyo ipande nyepesi. Konvuayeri, yule musaidizi wa shofere, anafuata nyuma na gogo, tayari kulitupa chini ya gurudumu kama gari inaanza kurudi.

Watu wote wanashuka. Neno hilo halikunitoka kichwani tangu Luvungi.

Siku ya kurudi niliomba shofere amuweke yaya mbele, ndani ya kabini. Alisema patron, mwenye gari, amekataza wanawake mbele. Na kweli kulikuwa karani mumoja amekaa pale na kravati yake shingoni, hakugeuza hata kichwa. Yaya akapandishwa juu ya mifuko ya muchele, na konvuayeri akamufunga kiunoni kwa kamba kwenye ubavu wa kamyo, eti asianguke kwenye kona. Alimufunga vizuri, sikatai. Halafu mvua ikanyesha, kamba ikalowa, fundo likawa gumu kama jiwe.

Kwenye mupando shofere akasimama. Karani ndiye alishuka wa kwanza. Mimi nilibaki juu navunja kucha kwenye lile fundo. Shofere akapiga kelele nishuke, mvua ingine inakuja. Nikamwambia dada yangu naye ni mutu, naye anashuka. Hakuzima hata moteri.

"Huyu ni muzigo, mama. Muzigo haishukake."

Watu wakacheka, na yaya akacheka pamoja nao. Halafu akanyoosha mukono. Kutoka pale juu alikuwa anaona kitu ambacho sisi wote tulikuwa tumezoea: mulango wa shofere. Mashofere wa ile barabara walikuwa wanafunga mulango na kipande cha mupira ili ubaki wazi, na wanaendesha muguu mumoja uko inje, tayari kuruka.

"Papa shofere," yaya akasema, "mulango wako iko wazi. Wangu iko wapi?"

Kicheko kikaisha.

"Wewe unajua kuruka?" shofere akamuuliza.

"Hapana. Njo maana nashuka kabla yako."

Mama mumoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, mutu wa Uvira, mwenye mabega mapana, akapanda tena juu bila kuuliza mutu ruhusa. Akakata kamba na kisu chake cha samaki. Konvuayeri akalalamika kwamba kamba ni ya patron. Yule mama akamwambia kipande kilichobaki kinatosha kufunga kinywa chake. Akamubeba yaya mugongoni na kitenge, kama mutoto, na mimi nikajitwika kitunga chake cha ndagala. Wanaume walitangulia, wanaangalia miguu yao.

Kamyo ikatupita polepole. Kwenye kona ya juu tulisikia moteri inabadilisha sauti, halafu tukasikia mvua tu. Konvuayeri akatupa gogo. Gogo likateleza kwenye matope. Nikaona shofere amesimama barabarani, kabla sijaelewa kwamba ameruka. Na kamyo ikaanza kurudi kwetu peke yake, mulango unapigapiga, polepole, kama mutu ambaye hana haraka.

Tulijibana kwenye mulima. Ikagonga jiwe hapo juu yetu, ikainama upande kidogo, ikasimama. Mifuko ile yaya alikuwa amekalia ikamwagika upande wa shimo. Tulingoja tuisikie ikifika chini. Hatukusikia kitu. Kipande cha kamba kilibaki kinaning'inia.

Shofere akashuka mpaka kwetu, anatafuta kiatu chake. Hakuna mutu alimusemesha, isipokuwa yaya, palepale mugongoni mwa yule mama.

"Karibu, papa shofere. Na sisi tumeshuka."

Akaendelea kutafuta kiatu. Karani alikuwa amekaa kwenye majani, anatapika juu ya kravati.

Yaya alikaa kwangu miaka mingi, na alisafiri tena. Mara ya kwanza ilikuwa kwenda Kamituga kwa shangazi yetu, na ile barabara haikukuwa nzuri kupita ingine. Asubuhi ya safari nilikuta bwana yangu anatayarisha kamba, mpya, ameinunua sokoni kwa moyo mwema kabisa. Nilimunyang'anya. Nikaita wote wa nyumba, yeye naye ndani, nikawaambia mara moja:

"Hapa kwangu yaya hafungwi. Anapanda wa mwisho, anakaa karibu na pa kutokea, anashuka wa kwanza. Gari ikikataa hivyo, tunamubeba."