Mshona vifungo wa Jabe aliyeficha kurasa mbili

Bujumbura, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025. Mvua inanyesha tangu alfajiri, mvua nzito isiyo na upepo, na maji ya rangi ya tofali yanapita mbele ya karakana moja ya ushonaji huko Jabe. Ni saa mbili asubuhi, lakini ndani bado kuna giza. Umeme haupo.

Mafundi wote saba wamefika. Hakuna anayekanyaga cherehani. Wanamtazama Léoncie Nizigama, mama wa miaka arobaini na saba, mshona vifungo, aliyeketi karibu na mlango ili apate mwanga. Mapajani ana kitabu kisicho na jalada. Karatasi zake mbili zimebanwa pamoja kwa pini ya fundi, na kurasa mbili zinazotazamana hazionekani.

"Toa hiyo pini, Mama Valéry," anasema Ingrid, fundi wa cherehani ya pili, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mukono wako ndiyo iliiweka. Mukono wako iitoe."

Léoncie anafanya ishara ya msalaba. Vidole vyake, vinavyoshona vifungo mia moja na hamsini kwa siku, leo vinaizungusha pini bila kuivuta.

Karakana hii hushona mashati ya wanafunzi. Kila shati lina vifungo saba, na kila kifungo humpa Léoncie faranga hamsini. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Tangu Julai, hata hivyo, kuna saa moja kila siku ambayo hashiki sindano. Katika saa hiyo husoma kwa sauti, na wenzake sita hugawana vifungo vyake na kumshonea, kila mmoja fungu lake.

Mpango huo ulianza redio iliponyamaza kwa kukosa betri. Twahiru, fundi mkataji na mkubwa wa karakana, alikuwa amenunua furushi la karatasi kuukuu za kukatia vipimo. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha Kiswahili. Léoncie alipokiona, mkasi ulikuwa umeshapita. Kurasa nane za mwanzo zilikuwa zimegeuka kipimo cha kola ya shati.

"Nilipiga kelele kama mutoto amewekewa kisu," anakumbuka Léoncie. "Mzee Twahiru akaniambia, kama unalia hivyo kwa karatasi, basi zisome tusikie."

Kwake, kuambiwa "soma" si jambo dogo. Hadi miaka minne iliyopita hakuweza kusoma hata jina lake. Aliimba kwaya kwa kukariri, akishika kitabu cha nyimbo kama wenzake. "Siku moja jirani yangu alikigeuza mikononi mwangu, kimyakimya. Kumbe nilikishika kichwa chini miguu juu. Nilimaliza wimbo, nikarudi nyumbani, nikamwambia Mungu: sasa inatosha."

Alijiandikisha katika masomo ya jioni parokiani, huko Kanyosha anakoishi. Alitoka kazini, akatembea hadi darasani, akakaa mpaka saa mbili na vijana walioweza kuwa wanawe. Siku alipomaliza mstari wake wa kwanza bila kusaidiwa, alipiga magoti palepale kati ya madawati. Mwalimu alidhani ameanguka.

Kitabu kilichonusurika mkasi kinasimulia mji uliojengwa tumboni mwa mlima, na majitu ya majivu yanayoutafuta ili kuumeza. Mlinzi wa lango ni mwanamke anayeitwa Nakiluma. Anapokea kwa siri mkufu wa majitu, akiahidi kuyaachia lango wazi. Siku yanapokuja, anavunja ahadi na kulifunga. Watu mia tatu wanabaki salama ndani. Watu arobaini, waliokuwa shambani, wanabaki nje.

Hapo ndipo karakana ilipogawanyika.

"Muuaji!" Twahiru alikuwa akisema kila siku, mkasi mkononi. "Alikula mali ya adui, halafu akaua watu wake. Nini tena munatafuta?"

"Na wale mia tatu, Mzee?" Ingrid alijibu. "Ungewatupa? Afungue, wote wakufe, ndiyo roho yako itulie?"

"Siku utanifungia mulango mi niko inje, nitakukumbusha hiyo hesabu."

"Na ule mukoromo wako, Mzee? Majitu yenyewe yangekimbia."

Mwanzoni walicheka. Kufikia Septemba hakuna aliyecheka. Twahiru aliacha kumkabidhi Ingrid vitambaa mkononi, akawa anaviweka sakafuni. Ingrid aliacha kumwambia "Mzee". Watu wawili waliokula chakula cha mchana pamoja kwa miaka sita walikosana kwa sababu ya mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Katika ubishi huo wote kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakusema lolote. Ni Cirimwami, mpiga pasi, mwanamume wa makamo aliyefika mwezi wa pili mwaka huu kutoka upande wa pili wa mpaka. Pasi yake ni ya mkaa. Husimama nyuma kabisa, hunyoosha, hukunja, hunyamaza.

Mara moja tu, mwezi wa nane, aliuliza swali. "Ule mulango ulikuwa wa mbao ao wa chuma?" Léoncie alitazama, akamjibu kwamba kitabu kinasema ni mbao. Cirimwami akatoka nje, akaisahau pasi juu ya shati, na kola ikaungua.

Léoncie aliondoka na moshi ule moyoni. Alijiambia kwamba mtu huyu amewahi kufungiwa mlango. Ndiyo maana, siku mbili baadaye, alipokuwa nyumbani akijisomea sehemu ya kesho yake kama kawaida, aliogopa. Kurasa mbili zilizofuata zilisimulia mtu akigonga.

"Nilisali," anasema. "Nilimwomba Mungu anionyeshe kama nisome ao niache. Nilingoja. Sikusikia kitu. Nikachukua pini."

Asubuhi yake aliruka kutoka ukurasa wa 111 hadi wa 114. Wenzake walikuwa wameinamia vifungo vyake.

Jumamosi iliyopita Léoncie hakuja kazini kwa sababu ya mazishi ya jirani, na kitabu alikuwa amekiacha karakanani. Ingrid, ambaye pia anajua kusoma, alichukua kitabu ajikumbushe jambo la kumshinda Twahiru. Akaikuta pini. "Nilifikiri ni karatasi zimepasuka," anasema. "Nikachungulia kwa pembeni. Miezi mitatu tunapigana, na jambo lenyewe limebanwa kwa pini yetu!"

Jana Jumatatu alilisema mbele ya wote, na neno lake lilimchoma Léoncie kuliko tusi: "Vifungo vyako tulishona vyote. We ukatusomea nusu."

Walikubaliana hivi: leo Léoncie afungue kurasa hizo na kuzisoma. Kisha waamue kama kitabu kibaki mikononi mwake au kiende kwa Ingrid, na Léoncie arudi kwenye sindano saa zote.

"Sindano siichukii," amesema kabla wenzake hawajaketi. "Imelisha watoto wangu. Lakini kwa miaka hiyo yote wenzangu walikuwa wanahitaji vidole vyangu. Mwaka huu wamehitaji sauti yangu. Wakininyang'anya, sijui nitamwambia nini Mungu aliyenifundisha."

Pini inatoka. Léoncie anasoma polepole, kidole chini ya mstari.

Ni dada yake Nakiluma anayegonga. Anagonga mara tatu, anaita jina la utotoni ambalo mtu mwingine hawezi kulijua. Nakiluma anajaza nguo mdomoni ili asijibu. Anageuka, anaegemeza mgongo kwenye mbao, na kila pigo la mkono wa dada yake analisikia katikati ya mabega. Halafu mapigo yanakwisha. Kunapokucha anavaa ule mkufu wa majitu, na hauvui tena.

Léoncie anainua macho. Mvua inasikika juu ya mabati.

"Dada yake?" anasema Twahiru. "Tumbo moja?"

"Umeona sasa!" Ingrid amesimama. "Hakujipendelea. Alilipa na damu yake mwenyewe. Ndiye shujaa!"

"Shujaa wa wapi? Na mukufu amevaa! Sasa ni muuaji mara mbili."

Zile kurasa mbili zimesomwa kwa sauti moja, kwa watu wale wale, chini ya paa moja, na bado kila mmoja ameshika alichokishika jana. Léoncie anawatazama wote wawili kwa mshangao, mdomo wazi. Alikuwa ameamini kwamba yeye ndiye aliyewagombanisha kwa kuficha.

Ndipo nyuma inasikika pasi ikiwekwa juu ya kipande cha bati.

"Mi nilikuwa ndani," anasema Cirimwami.

Hakuna anayeelewa mara moja. Anaeleza, bila kupandisha sauti.

"Kule kwetu. Tulijificha kwenye stoo ya shule. Mulango wa mbao. Ni mi nilikuwa nimeushika. Jirani yangu alikuja akagonga, ule mwenye kutupikia wakati muke wangu alikuwa mugonjwa. Aliita jina yangu. Sikufungua. Sijue alienda wapi. Mupaka leo sijue."

Twahiru ameshika mkasi uliofunguka, na hajui aufunge au auweke chini. Fundi mmoja ameanza kulia bila sauti.

"Papa," Léoncie anamwambia Cirimwami. "Mi nilifikiri ulikuwa inje."

"Wote munafikiri hivyo. Miezi tisa munanipa shayi ya huruma, ya mutu wa inje. Mi nakunywa."

Ingrid anamsogelea. Anazungumza kwa upole ambao karakana haijausikia tangu Agosti. "Lakini uliokoa watu, papa. Mulikuwa wangapi humo ndani?"

"Sijue."

"Hata kwa kukadiria?"

"Dada yangu, nyinyi munahesabu: mia tatu, makumi ine. Kila siku hesabu. Mutu mwenye kushika mulango hahesabu. Anaskia tu mbao kwenye mugongo. Huyu mwenye kuandika anajua. Na Nakiluma, mi simusamehe."

Ingrid anarudi nyuma hatua moja. Kwa miezi mitatu amemtetea mwanamke huyo, na mtu pekee chumbani aliyefanya kama Nakiluma ndiye anayemkataa.

Twahiru ndiye anayeonekana kuumia zaidi. "Mi nilisema muuaji, muuaji, kila asubuhi, na we uko hapo unanyoosha mashati yangu."

"Ulisema kweli, Mzee."

"Apana. Wallahi apana. Mi nilisemea kitabu. Sikukusemea we."

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja!" Twahiru anapiga meza, kisha anaona aibu, anakaa. Anasema kwa sauti ya chini, "Mi nikiwa mutoto nilibebwa mugongoni usiku kucha na mutu nisiyemujua. Alinifungulia mulango wake. Angekuwa kama Nakiluma, nisingekuwa hapa. Ndiyo maana siwezi kumupenda huyo mwanamke. Lakini we, Ciri, nitakupendaje na nitakuchukiaje? Sijue. Niulize siku ingine."

Haombi radhi zaidi ya hapo, na Cirimwami hamdai. Twahiru anachukua kikombe, anamimina chai, anakiweka mbele ya mpiga pasi. Cirimwami anakitazama kwa muda mrefu kabla ya kukigusa.

Bado kuna jambo la kuamua: kitabu kibaki kwa nani. Ingrid, aliyelileta, hataki tena kuliamua. Anasema aulizwe Cirimwami, kwa kuwa kurasa zilifichwa kwa ajili yake. Wote wanakubali.

Cirimwami hamwonei Léoncie huruma.

"Ule ukurasa niliungoja," anasema. "Nilijua iko. Mulango kama ule haufungwe bila mutu kugonga. Kila siku ulipofungua kitabu nilisema moyoni, leo nitasikia wanasema nini juu ya watu kama mi. Halafu nikasikia majitu yameondoka na kumekucha. Nikasema, basi hata kwa kitabu, hakuna mwenye aliona. Mama, ulinifanya nibaki peke yangu."

Léoncie hajitetei. Amefunika uso kwa mikono yote miwili. Alidhani amemkinga mtu na maumivu, kumbe alimfungia. Midomo yake inacheza, anasali. Akimaliza, anauliza swali moja tu: "Nimpe Ingrid asome?"

"Ingrid anasoma mbio sana," anasema Cirimwami, na mtu mmoja anacheka bila kupenda. "Soma we. Lakini kwanza uahidi. Si moyoni. Tusikie."

Zimebaki kurasa sitini na mbili. Léoncie anatumaini kuzimaliza kabla ya Noeli. Baada ya hapo ana mpango wa kuazima kitabu kingine parokiani, na kuwaalika wanawake wa darasa lake la jioni waje kusikiliza siku za Jumamosi, kwa sababu wengi wao, anasema, hawajawahi kusomewa kitu isipokuwa barua za serikali.

Anasimama. Anavua kitambaa cha kichwani kilicholowa, anakifunga upya vizuri, kama mtu anayeingia kanisani. Wenzake sita nao wanasimama, na Twahiru anaweka mkono kifuani.

"Mimi Léoncie Nizigama," anasema, kwa sauti inayofika hadi barabarani, "mbele ya Mungu na mbele yenu sita, naahidi. Kila kilichoandikwa nitakisoma, hata kikinitisha. Na we, Papa Cirimwami, nakuahidi we peke yako: sitakuchagulia tena kitu unaweza kubeba na kitu huwezi. Nitakuuliza."