Jina la Mtunzaji

Nilisoma mpaka darasa la nne, Unguja. Kiingereza nilijifunzia jikoni, Hounslow, kwa Waingereza wenyewe, tulikokuwa tukipakia chakula cha abiria wa ndege. Nilianza kwa kuosha sinia. Nilipoacha nilikuwa msimamizi, watu kumi na wawili chini yangu, watano wao wanaume. Hakuna aliyenishika mkono.

Niliacha kwa sababu mavyaa, mama wa mume wangu, alipooza upande mmoja. Hiyo ni miaka ya tisini. Mume wangu wakati ule hakuwa na kazi, kiwanda alichofanyia kilikwisha kupunguza watu. Kwa akili ya kawaida yeye angekaa na mamake, mimi niendelee na kazi. Lakini kwetu mwanamume hamwoshi mama yake. Halikujadiliwa hata. Nikavua kofia ya jikoni.

Akaja mwanamke wa serikali na fomu ya posho ya mtunzaji. Akakaa kwenye kochi, akauliza nani anamtunza mgonjwa. Mavyaa yuko pale kitandani, anasikia. Mume wangu yuko pale. Na mimi, mjinga wa heshima, nikasema, "Mwanawe." Ningesema nini? Mbele ya mavyaa huwezi kutamka kwamba mwanawe hamtunzi. Yule bibi wa serikali akaitikia kwa kichwa, roho yake imetulia. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Likaandikwa la mume wangu.

Sikujua kwamba jina lile lilikuwa na mambo zaidi ya posho. Aliyeandikwa alihesabiwa bima ya taifa kila wiki, kama mtu aliye kazini, na bima hiyo ndiyo pensheni ya kesho. Miaka saba nilimgeuza mavyaa, nikamwosha, nikamlisha, na serikali ikamhesabia mume wangu, ambaye saa hizo alikuwa dukani kwa rafiki yake anacheza dhumna.

Mavyaa akafariki, Mungu amrehemu. Jikoni hawakunihitaji tena, nikaenda kusafisha maofisi. Nilipotimiza sitini nikaulizia pensheni yangu. Mama wa dirishani, pale ofisi ya pensheni, akatazama kompyuta yake.

"Miaka hii saba ulikuwa unafanya nini?"

"Nikitunza mgonjwa."

"Hapa mtunzaji ni mumeo."

Akanipa karatasi. Mume wangu aandike kwamba mtunzaji nilikuwa mimi, atie saini, ndipo watalitazama upya.

Nyumbani nikaiweka mbele yake baada ya chai.

"Bibi wee, unataka nifungwe kwa posho ile?"

"Hawafungi mzee kama wewe. Nani atakulisha huko?"

"Na watu wakisikia? Kwamba sikumtunza mama yangu mzazi?"

"Haya niambie, alikuwa akilala upande gani?"

Akafikiri. "Wa kulia."

"Wa kulia ulikuwa na kidonda. Mwaka mzima hakuulalia."

Binti yetu alikuwa mlangoni. Akamwambia kwa Kiingereza, baba, tia saini yaishe. Akajibiwa kwa Kiswahili kwamba haya ni mambo ya wakubwa. Binti mwenyewe ana miaka thelathini.

"Nilimpenda mama," akasema mume wangu, taratibu. Na ni kweli, alimpenda. Hapo ndipo nilipochoka kabisa.

Hakutia saini siku ile, wala mwezi ule. Nikarudi dirishani peke yangu, nikasema niandikwe kwamba mimi ndiye niliyesema uongo, kwenye kochi langu mwenyewe. Yule mama akauliza kama nina shahidi. Nikamwambia aliyesikia, ukimtoa mume wangu, tumeshamzika. Akaandika hivyo hivyo, mwanamke mwema, macho yake hayakunitazama.

Jibu lilikuja kwa posta: bila saini ya mwenye jina, kumbukumbu haibadiliki. Nikaendelea kusafisha maofisi ya watu mpaka magoti yakakataa.