Dalali Aliyeficha Shingo

Clem Hartigan ni dalali wa kondoo hapa Riverina, Australia, na miaka ishirini yote anajiona yeye ndiye mnada wenyewe. Mimi ndiye ninayemsukumia kondoo zizini. Shule niliiacha darasa la saba, lakini ugonjwa wake niliujua kabla ya madaktari. Tatizo, nani amuulize mtu mwenye mavi ya kondoo kwenye buti?

Agosti sauti ikamkauka, ikabaki pumzi tu, kama tairi linalovuja. Mwenyewe akadai eti vumbi. Vumbi gani, na tope limefika magotini? Daktari wa mji wetu, hodari wa kuandika bila kuangalia, akampa dawa ya pumu ya kupuliza. Clem kapuliza wiki sita, alichopata ni kutetemeka mikono.

"Clem, kila ukinywa chai unapaliwa," nikamwambia. "Koo lako halifungi."

"Wewe daktari wa lini? Rudi kwa wenzako zizini!"

Bosi wetu wa mnada akampasulia: mnada mkubwa wa Februari, kama hana sauti, Darcy ndiye atakayeuza. Darcy huyo, dalali mwenzake, hutembea na kipaza sauti begani, na Clem humwita muuza aiskrimu. Hapo Clem akanywea, akakubali nimpeleke kwa Daktari Renuka, bingwa wa koo, mwendo wa saa tatu.

Daktari akampitisha kamera nyembamba puani. "Sema iiii."

Huyo mpenda sifa akaanza kunadi! "Tisini, tisini na mbili, nani ana mia?" Uso mwekundu, shingo imemtuna.

"Mzee, mimi sinunui kondoo. Ukikaza hivyo kila kitu kinabanana, sioni. Sema iiii, halafu vuta hewa kwa pua. Taratibu."

Akatii. Kwenye skrini nikaziona nyuzi mbili za sauti. Wa kulia unafunguka na kujifunga kama lango la zizi. Wa kushoto umelala tu.

"Umewahi kupasuliwa shingo? Kifua?"

"Hapana."

"Vua hiyo leso ya shingoni."

Leso yenyewe hakuwa ameivua tangu mwisho wa Julai, nikadhani ulimbwende wa uzeeni. Chini yake, kovu! Alituaga anaenda kuvua samaki, kumbe kaenda kutolewa rovu, ule uvimbe wa shingo, akaficha wanunuzi wasijue.

"Neva ya uzi huu iliguswa hapo," daktari akasema. "Ungesema mapema, usingepuliza dawa ya pumu bure. Nitaudunga sindano ya kuujaza, usogee katikati, mwenzake aufikie. Sauti itarudi, ila kupiga kelele mwiko. Utumie kipaza sauti."

"Bora nife."

"Basi auze Darcy," nikamwambia.

Februari, Clem yuko juu ya mbao za zizi, kipaza sauti begani, uso kama kameza limau. Kila zizi nami namwita: "Muuza aiskrimu! Ya vanila ipo?"

Zizi la tano akanitukana mimi na ukoo wangu wote. Hadi wanunuzi wa mwisho kule getini wakasikia kila neno.