Shahidi wa Upande wa Pili Alikuwa Mama

Siku ya kesi yangu mama alinivalisha, akanifunga viatu, akasukuma kiti changu cha magurudumu hadi ndani ya mahakama.

Kisha akaniacha pale mbele, akaenda kukaa upande wa wale niliowashtaki.

Nilidhani amekosea benchi.

Hakuwa amekosea, jamani.

Ngoja niwaeleze. Nina mtindio wa ubongo. Miguu haiendi, mkono mmoja hautulii, na maneno hunitoka taratibu, kama mtu anayepandisha gunia ghorofani. Lakini kichwa kiko sawa. Nilifaulu mtihani wa sekondari, nikapata nafasi chuo cha kompyuta, cha bweni.

Ofisi ya elimu ikaninyima ufadhili. Ati mtu wa hali yangu hawezi kunufaika na masomo, kwa hiyo hakuna haja ya kumlipia ada wala msaidizi.

Mama alilia kuliko mimi. Akaniambia nisijali, nyumbani papo.

Sikukubali. Nikamtafuta wakili, dada mmoja mpole wa sauti lakini si wa kuchezea, akakubali kunitetea bure.

Basi siku hiyo mahakamani, mwanasheria wa ofisi akamwita shahidi wake. Wakili wangu akaninong'oneza kwamba hata yeye kaarifiwa asubuhi ile ile.

Mama akainuka. Akapanda kizimbani.

Alieleza kwamba mimi husahau haraka. Kwamba nikiachwa peke yangu napiga kelele. Kwamba kitabu nakishika tu, sisomi. Yote hayo aliyasema akitazama meza.

Halafu likaja kubwa zaidi. Ofisi ilipopiga simu nyumbani kuuliza habari zangu, kabla ya kuninyima, yeye ndiye aliyepokea. Na hayo hayo ndiyo aliyowaambia.

Kumbe nilikuwa nimenyimwa kuanzia jikoni kwetu.

Wakili wangu hakumfokea. Alimuuliza habari za kazi yake. Mama ni fundi cherehani, wateja hawamwishi. Akamuuliza nani huwajibu wateja kwenye simu, nani hukumbuka vipimo vyao, nani hupanga nguo ya nani itoke lini.

Mama akashika ukingo wa kizimba.

"Yeye."

"Yeye nani, mama?"

"Mwanangu."

Jaji akavua miwani. Akataka kujua, kama ni hivyo, kwa nini alisema yale.

"Nimembeba tangu azaliwe," mama akasema. "Akienda, mikono hii niifanyie nini?"

Mimi, niliyekuwa nimejiandalia hotuba nzima, nikaambulia neno moja tu.

"Ungeniuliza."

Tulishinda. Ofisi iliamriwa kulipia masomo na msaidizi. Jioni ile mama alinivua viatu kama kawaida.

Sasa niko mwaka wa pili. Mama hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Hajawahi kuniomba radhi, na mimi bado sijajua kujifanya nimesahau.

Wewe unayemlea mtoto mwenye ulemavu, siku ukiulizwa mwanao anaweza nini, usiiache hofu yako ijibu. Mgeuzie yeye swali. Hata jibu likichelewa kutoka, lisubiri.