Uso Mmoja Ndani ya Mkanda wa Baba

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, kiangazi cha pili tangu wakimbizi wa Burundi wavuke mpaka, nami nilikuwa nimesimama katika gulio la Kabanga, kamera ya marehemu baba ikining'inia shingoni. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka: enzi zile hukubonyeza ovyo. Mkanda ulikuwa na nafasi chache, na huu wangu ulianzwa na baba mwenyewe, akaugua kabla ya kuumaliza. Picha zake za mwisho zilikuwa bado zimejikunja humo ndani, hakuna aliyekwisha kuziona.

Nakumbuka harufu ya dagaa, vumbi jekundu, Kihangaza chetu na Kirundi cha wageni vikichanganyika juu ya mafungu ya maharage. Nakumbuka pia macho. Mgeni aliulizwa ametoka kilima gani. Mwenyeji aliulizwa amemhifadhi nani. Kwetu, muuza rubisi, ile pombe ya ndizi, huonja kwanza mbele ya mteja. Ni adabu ya tangu zamani, lakini mwaka ule watu walilitazama koo lake kuhakikisha kwamba kweli amemeza.

Nilimpiga picha mama mmoja akimimina rubisi kibuyuni. Akausikia mlio. Kabla sijaishusha kamera, alikuwa amenikamata mkono.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Shikamoo."

"Kaa na shikamoo yako. Picha hii unampelekea nani ng'ambo?"

Wabadilisha fedha wakasogea. "Jasusi wa kandambili!" mmoja akacheka. "Nipige na mimi, wakwe zangu waone nilivyonenepa!" Mwenzake hakucheka. "Aifungue hiyo kamera," alisema. "Mwanga ukiingia, maneno yamekwisha."

Nikaikumbatia. Nami nilimshuku yule mama: anayeogopa uso wake uonekane, anamkimbia nani, na kwa lipi?

Mama yangu alikuja mbio kutoka upande wa maharage. "Dada, humo mna kazi ya mwisho ya mume wangu."

"Nami nina uso mmoja tu," yule mama akajibu.

Mama hakubishana. Alikichukua kibuyu na, muuzaji akiwa hajaonja, akanywa. Watu wote wakalitazama koo lake. Akajifuta midomo. "Mkanda ukisafishwa, utaletewa picha yako na negativu yake, kipande chenyewe cha mkanda."

Yule mama alimkazia macho kwa muda mrefu, kisha akaniachia, bila tabasamu. "Nakaa Keza, kwa katekista. Nitaona."

Siku hizi wanangu huipiga picha sahani ya chipsi kabla ya kuila, na nyuso za wapita njia hurushwa hadi nchi nisizozijua, wala hakuna anayeuliza nani amekutuma. Nawacheka, ila swali lile bado nalitamani.

Mkanda ulisafishwa Mwanza. Picha ya mwisho ya baba ilikuwa ya mama akipepeta maharage. Iliyofuata, ubavuni mwake kabisa, ilikuwa ya yule mama. Mama alizitenganisha mkandani kwa mkasi wa cherehani, amebana pumzi. Wiki chache baada ya gulio lile, katekista akaichukua barua yangu:

"Mama, shikamoo. Picha yako ni hii na negativu yake ni hii. Hatukubakiza nyingine. Hatujui unamkimbia nani, na mama yangu amenikataza kuuliza. Anasema ukirudi gulioni atakunywa tena, hata usipoonja."